Fusi Achagua Wimbo

Siku ya sindano, nyumba ya Kalesita iliamka imechoka.

Kalesita alikuwa uani tangu alfajiri, akiponda maganda ya mti kwa nyundo ya mbao ili kutengeneza nguo ya ngatu. Mabega yalimuuma. Mume wake, Viliami, alikuwa Australia akichuma nyanya, na hangerudi Tonga kabla ya Krismasi. Kuponda ni yeye, kupika ni yeye, na kumpeleka mwanawe Fusi zahanati ni yeye.

Fusi ana miaka kumi na moja. Mwaka jana aliumwa koo. Baadaye magoti yakavimba, na ugonjwa ukafika kwenye moyo. Daktari akasema achomwe sindano kila mwezi, kwa miaka mingi. Dawa yenyewe ni nzito. Inaingia polepole na inauma sana. Nani atamlaumu mtoto akikimbia?

Na mwezi uliopita alikimbia kweli. Alijificha kwenye shamba la magimbi mpaka zahanati ikafungwa. Kalesita aliiona miguu yake kati ya majani, akanyamaza. Alikuwa amechoka kumkandamiza mtoto anayelia. "Mwezi mmoja tu," alijiambia. Uchovu ni mshauri mbaya, lakini sote tunausikiliza.

Leo alikuja Salome, dada yake Viliami. Kwetu dada wa baba akisema, imesemwa. Hata baba mwenyewe hufyata mkia.

"Wifi, huyu mtoto mnamdekeza," alisema Salome kabla hata ya kukaa.

"Si kudeka, wifi. Inauma."

"Leo hatalia. Nimesikia redioni kwamba muziki unapunguza maumivu. Basi nimeleta muziki." Akainua simu yake. "Kwaya ya kanisani kwetu. Twendeni!"

Fusi alimtazama mama yake. Kalesita aliweka nyundo chini. Hakuwa na nguvu za kubishana, na hata angekuwa nazo, angembishiaje wifi yake?

Kule zahanati, nesi Vika aliwapokea bila kuwagombeza. Alishika kichupa cha dawa kiganjani ili kipoteze baridi ya friji. Fusi alilala kifudifudi kitandani. Salome akaiweka simu karibu na sikio lake, akafungulia kwaya kwa sauti kubwa.

Fusi alikakamaa mwili mzima.

"Siwezi kuchoma hivi," alisema Vika. "Msuli umekuwa mgumu kama mti. Dawa itamuuma zaidi."

"Basi niongeze sauti," alisema Salome.

"Hapana, mama. Zima."

Salome hakuzoea kuambiwa hivyo. Alizima, midomo imebana.

Vika alipiga magoti karibu na kitanda. "Fusi, huo wimbo unakukumbusha nini?"

Fusi alimwangalia shangazi yake, kisha akaangalia ukuta. Alinong'ona. "Ndio huo waliomwimbia babu. Usiku kucha. Na yeye amelala sebuleni, kwenye jeneza." Akamgeukia Vika. "Nesi, kwani mimi nakufa?"

Kalesita alikaa kitini. Salome aliirudisha simu kikapuni. Aliyezikwa siku ile alikuwa baba yake.

"Hufi," alisema Vika. "Sindano hii inakulinda. Ugonjwa ukirudi, unaweza kuharibu milango ya moyo wako. Ndiyo maana hatutaki kuruka hata mwezi mmoja. Sawa?"

Kalesita aliinamisha kichwa. Hilo la mwezi mmoja lilikuwa lake.

"Lakini nesi, redio ilisema muziki!" alilalamika Salome.

"Redio ilisema kweli. Muziki hauponyi moyo, hiyo ni kazi ya dawa. Muziki unamsaidia mgonjwa asiwaze sindano tu. Anapumua vizuri, msuli unalegea, hofu inapungua. Ila wimbo lazima uwe ule unaomtuliza yeye. Wewe kwaya inakutuliza. Yeye inamzika." Vika akamgeukia mtoto. "Haya, chagua wewe."

Fusi alifikiri. "Ule wa baba. Uko kwenye simu ya mama. Anapiga gitaa."

"Wimbo gani huo?" aliuliza Salome.

"Ule wa mapenzi, shangazi."

Kalesita alifunika mdomo. Kwetu kaka na dada hawasikilizi mambo ya mapenzi pamoja. Hata filamu ikifika pale pa kubusiana, mmoja huondoka akijifanya ana kiu.

"Viliami aniimbie mapenzi masikioni? Mimi dada yake?" Salome alisimama. "Aibu gani hii!"

Angesema hapana, pangekuwa hapana, na Fusi angekimbia tena. Salome alimtazama mtoto pale kitandani, mdogo, macho yamemtoka. Hasira zikamwisha.

"Nitakaa nje," alisema, akichukua kikapu chake. "Mbali."

Vika alifungulia wimbo kwanza, sindano ikiwa bado mezani. "Imba na baba. Chezesha vidole vya mguu. Pumua, toa pumzi polepole." Gitaa likalia, sauti ya Viliami ikafuata, imechoka nayo, sauti ya mtu aliyeinama shambani mchana kutwa. Vika alibonyeza pale pa kuchoma kwa kidole gumba kwa muda, kisha akachoma, akaisukuma dawa taratibu.

Machozi yalimtoka Fusi. Lakini mguu ulibaki laini.

"Inauma?" aliuliza mama yake.

"Inauma. Niache, naimba."

Sauti ya Salome ilisikika kutoka nje. "Mmemaliza? Niingie?"

"Bado, shangazi! Sindano imeisha, wimbo haujaisha!"

Miezi imepita. Fusi hajaruka tena sindano hata moja. Hapendi, nani apende? Anakunja uso, anachukua simu, anakwenda kwa miguu yake. Kalesita bado anaponda maganda na mabega bado yanauma, ila hamkandamizi mtu tena. Na Salome huja nao kila mwezi. Wakifika mlangoni hubaki nje bila kuambiwa.

Juzi, njiani kurudi, Salome alikohoa kidogo.

"Wifi, mwambie Viliami arekodi wimbo mwingine. Huu nimeuchoka."

"Umeuchoka vipi, wifi, na wewe hukaa mbali?"

Salome aliongeza mwendo, na Fusi akamfuata akicheka.