Memori Iliyokwaruzwa

Lusia alipotoka shule alimkuta mama yake palepale alipomwacha asubuhi: mbele ya kompyuta, kidevu mkononi, akisubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chakula kipo, nimekifunika. Ila usinisemeshe, mwenyewe bado anafikiri."

"Mwenyewe" ndiyo kompyuta. Mama Lusia alikuwa na kibanda cha kupiga chapa karibu na soko la Shinyanga. Mwaka uliotangulia, 1996, aliuza mashine yake ya taipu akanunua kompyuta kuukuu ya mezani kutoka kwa mradi mmoja uliofunga ofisi Mhunze. Siku za mwanzo mtaa mzima ulikuja kuishangaa. Sasa hakuna aliyeishangaa tena, na mwenye mali alikuwa amechoka nayo kabisa. Ukibonyeza herufi, unapiga miayo kwanza ndipo itokee. Ukifungua kurasa nyingi, inaganda na kazi yote inapotea.

Wiki hiyo mambo yalikuwa mazito zaidi. Bwana Stanslaus, katibu wa chama cha wakulima wa pamba, alileta taarifa ya mwaka ichapwe. Ilikuwa ndefu, imejaa majedwali, na alisema wazi kwamba isipokuwa tayari Jumatatu asubuhi angempa mtu mwingine kazi zote za chama. Kazi hizo ndizo zilizokuwa zikiendesha nyumba.

Mtu pekee aliyejua kutengeneza kompyuta mtaani kwao alikuwa Altaf, mwenye duka la vipuri vya redio, ambaye wote walimwita Baba Fahim. Aliifungua, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Mashine si mbovu, Mama Lusia. Memori yake ni ndogo. Ni karani mwenye meza ndogo. Kila akitaka kuweka karatasi, lazima aondoe nyingine kwanza. Usinunue kompyuta mpya, utaumia bure. Tumwongezee meza tu. Nitakutafutia memori iliyotumika Mwanza, kwa bei nafuu."

Memori ilifika siku ya Ijumaa. Lusia aliagizwa aipitie dukani akitoka shule, kwa sababu mama yake hakukubali kitu kifungwe kwenye mashine yake kabla hajakiona kwa macho yake mwenyewe. Baba Fahim alijua tabia hiyo na hakuinunia. Alimpa Lusia kijibao chembamba cha kijani ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mpelekee mama aione. Kesho asubuhi nitakuja kuifunga. Usiitoe mfukoni, na haya meno ya ukingoni usiyaguse kabisa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba Fahim. Wabeja," Lusia alishukuru kwa Kisukuma.

Njiani alikutana na Mihayo, aliyekuwa akisoma naye darasa la sita. Mjomba wake Mihayo alikuwa mchimbaji wa dhahabu Kharumwa, na kwa hiyo Mihayo alijiona mtaalamu wa madini yote ya dunia. Aliutazama mfuko, kisha akausogeza juani. Ukingoni mwa kile kijibao kulikuwa na safu ya meno madogo ya manjano, yanang'aa.

"Lusia! Hii ni dhahabu!"

"Toka hapa. Ni memori ya kompyuta."

"Memori ndiyo, lakini meno ni dhahabu. Mjomba anaijua kwa kuikwaruza. Ya kweli ukiikwaruza chini ni njano vilevile. Una wembe?"

Wembe alikuwa nao, wa kuchongea penseli, kama mwanafunzi yeyote. Lusia alisitasita. Halafu akamfikiria mama yake na kile kidevu mkononi, akawaza kwamba kama ni dhahabu kweli, huenda shida zote zingekwisha. Akaitoa memori mfukoni, akakwaruza jino la mwisho. Chini yake palikuwa peupe. Akakwaruza la pili. Utando mwembamba ukabanduka na kujikunja.

"Aa, ni rangi tu," alisema Mihayo, akaondoka zake akipiga mluzi.

Lusia alishikwa na hofu. Aliubonyeza ule utando kwa ukucha mpaka ukalala mahali pake, akairudisha memori mfukoni. Mama aliitazama kwa macho yaliyochoka, akasema, "Kumbe ni kadogo hivi," akaiweka kabatini. Lusia hakusema neno.

Jumamosi asubuhi Baba Fahim alikuja na bisibisi yake. Akaifunga memori kando ya ile ya zamani, akawasha. Kompyuta ikalia pii, pii, pii, na kioo kikabaki cheusi. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikalia vilevile. Akaitoa tena, na mashine ikawaka na uvivu wake wa kila siku.

"Nisubirini," alisema, jasho likimtoka. "Nifuate miwani yangu dukani."

Alipotoka tu, Mama Lusia alisimama mlangoni. Mama Klara, fundi cherehani wa kibanda cha pili, akamuuliza kulikoni.

"Nimeuziwa kitu kibovu, mwenzangu. Huyo Baba Fahim nilimwona mtu wa kweli, kumbe wale wale."

"Usiniambie! Na mimi nilitaka kumpelekea redio yangu."

Lusia aliyasikia yote. Alijiambia kwamba labda miwani ingesaidia, labda memori ingepona yenyewe, labda umeme ungekatika na watu wote wakasahau.

Baba Fahim alirudi. Kabla hajaivaa miwani, Mama Lusia alimwambia kwa sauti ya uchovu iliyouma kuliko kelele, "Baba Fahim, hata wewe?"

Baba Fahim aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Lusia. Niliiamini bila kuijaribu. Mzigo huu nitaubeba mimi."

"Ni mimi!" Lusia alilia. "Niliikwaruza kwa wembe, mama. Nilidhani ni dhahabu. Jana niliona imebanduka nikanyamaza."

Baba Fahim alivaa miwani, akaigeuzageuza memori mwangani, akaona. Alijaribu kuyasugua meno kwa ufutio, lakini mawili yalikuwa yamekwisha.

Mama Lusia hakumpiga wala hakufoka. Aliketi.

"Niwie radhi, Baba Fahim," alisema. "Nimekukosea."

"Yamekwisha. Nitakuazima ya kompyuta yangu ya dukani umalize kazi ya chama. Nyingine nitaagiza Mwanza."

Memori ya kuazima ilifungwa. Safari hii kompyuta haikulia. Kurasa zilifunguka moja baada ya nyingine bila kuganda, na Mama Lusia akaitazama bila nguvu hata za kufurahi. Taarifa ya pamba ingekwisha kabla ya Jumatatu.

"Mama, likizo sitakwenda kwa shangazi," alisema Lusia. "Nitakaa hapa nikusaidie mpaka tuilipe."

"Utakaa, ndiyo. Lakini hilo ni jepesi." Mama alimshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Ulipoikwaruza uliharibu kitu, na kitu hununuliwa kingine. Uliponyamaza, ulinifanya nimchafue mtu mwema mbele ya jirani. Jina la Baba Fahim tungelinunua Mwanza ipi? Kosa likisemwa mapema hubaki kwako. Likifichwa humwangukia asiyehusika."

Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Sasa twende kwa Mama Klara. Wewe utamwambia ulichofanya, na mimi nitamwambia nilichosema."

Wakatoka pamoja. Cherehani ya Mama Klara ilikuwa ikinguruma, na wateja walikuwa wamejaa kibandani. Lusia aliona aibu, akatamani kurudi. Kisha akasogea mbele, akaamkia, akaanza kusema.