Sufuria Chini ya Kitanda

Katika nyumba ya mshonaji mjane, iliyokuwa na vyumba sita na jiko moja, palikuwa na sheria ambayo kila mpangaji aliambiwa kabla hata hajakabidhiwa ufunguo: aliyeunguza sufuria ya mwenziwe huisugua mwenyewe, mpaka mwenye sufuria aseme inatosha. Haikuandikwa ukutani. Mshonaji aliitamka mara moja, pini zikiwa mdomoni, na hakuna aliyethubutu kumwomba airudie.

Vijana wawili ninaosimulia habari zao waliisikia sheria hiyo siku moja, lakini hawakukutania hapo. Walikutana asubuhi ya siku hiyo katika duka la vifaa vya shule, Jumamosi ya mwisho kabla ya muhula kufunguliwa, wakati wazazi, watoto na walimu walipokuwa wamesongamana mbele ya kaunta wakipaza sauti zote kwa pamoja. Binti alikuwa amevaa gauni la rangi ya udongo lenye kola nyeupe, nywele amezifunga nyuma kwa utepe. Kijana alikuwa na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, kwa sababu mgongo aliufunika kwa koti. Wote wawili waliikamata karatasi ya mwisho ya manila.

"Kaka, hiyo nimeishika mimi kwanza."

"Umeshika pembe, dada. Mimi nimeshika katikati."

"Kwani karatasi nayo ina katikati ya kumilikiwa?"

"Mkiichana," muuzaji akasema bila kuinua uso, "mtailipia wote wawili."

Binti akacheka, lakini hakuachia. "Wewe unaitakia nini?"

"Nachora mzunguko wa maji. Naanza mazoezi ya kufundisha Jumatatu. Sayansi, darasa la tano."

"Shule gani?"

Alipoitaja, binti akaiachia pembe yake. "Basi ichukue. Mimi naenda hiyo hiyo, darasa hilo hilo, mkondo wa kwanza. Ukimaliza utaniazima."

"Na nikikunyima?"

"Utajua mimi ni nani."

Jioni alimjua, kwa maana chuo kilikuwa kimewapangishia vyumba katika nyumba ya mshonaji: binti chumba cha nyuma, kijana chumba cha mbele, na ua mpana kati yao, kama inavyostahili. Wiki haikupita, wanafunzi wakawapa majina. Binti wakamwita Bi Tena, kwa kuwa kila jibu lisilo kamili alilirudisha kwa neno hilo moja. Kijana wakamwita Chaki, kwa sababu alijifutia mikono kwenye suruali.

Chaki hakujua kupika. Alijua yai la kuchemsha, nalo lilipasuka. Siku ya nne Bi Tena alimkuta amesimama juu ya sufuria ya maji, mchele mkononi, uso umejaa mashaka.

"Chaki, maji hayo umeyachemsha au umeyatisha tu?"

"Si yanatoa moshi?"

"Moshi au mvuke? Na wewe ni mwalimu wa Sayansi! Watoto wa watu wana kazi."

Kuanzia siku hiyo akawa mwanafunzi wake. Alifundishwa kuosha mchele mpaka maji yatakate, kukata kabichi nyembamba, kukaanga kitunguu kwa moto mdogo bila kukiacha kwenda kupiga soga. Alifundishwa kuloweka maharage tangu usiku na kuyatia chumvi mwisho. Walipikia sufuria ya Bi Tena, nene, ya mikono miwili, aliyopewa na mama yake siku alipoingia chuoni. Mama yule alikuwa ameipikia miaka kumi na minane kabla ya kuitoa.

"Ukiondoka hapa, mpenzi," Chaki alimwambia siku moja, "nani atanipikia?"

"Utajipikia. Sikufundishi ili unitegemee. Nakufundisha ili siku moja nirudi nyumbani nimechoka, nikute chakula."

Mwiko wa Chaki ukasimama. "Nyumbani kwa nani?"

"Koroga. Yatashika chini."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyokua, mbele ya macho ya wapangaji wote, bila la kuficha. Mwalimu mkuu naye alikwisha kumwahidi Bi Tena nafasi ya kazi shuleni hapo, iwapo alama zake za mazoezi zingebaki kuwa za kwanza. Mama yake alikuwa akiuguza goti na hakuweza tena kusimama kazini. Nafasi ile ilikuwa ndiyo tegemeo la nyumba yao.

Sasa nieleze kosa. Mwalimu mwanafunzi haingii darasani bila andalio la somo aliloliandika mwenyewe: malengo, zana, hatua, na mwishoni sehemu iitwayo maoni, ambayo hujazwa baada ya kipindi, mwalimu akieleza lililofanikiwa na lililoshindikana. Mkondo wa Bi Tena ulitangulia; lile alilolifundisha Ijumaa, Chaki alilifundisha Jumatatu. Wiki ya sita Chaki alimaliza siku zake kwa mpira na mazungumzo, na Jumapili mchana ikamkuta hana hata mstari mmoja.

Bi Tena alikuwa amekwenda kumwona mama yake. Aliacha maharage motoni na kikapu chake cha shule msumarini, karibu na mlango wa jiko.

"Niangalizie tu," alikuwa amesema. "Ongeza maji yakipungua. Usiondoke."

Chaki alikitazama kile kikapu kwa muda. Kisha akalitoa daftari la mwenzake na, akiogopa kuonekana na wapangaji, akalipeleka chumbani kwake, akafunga mlango, akaanza kunakili. Simu ikalia.

"Maharage yanaendeleaje, mwalimu wangu?"

"Vizuri tu, malkia."

"Umeongeza maji?"

"Nimeongeza."

Hakuwa ameongeza. Aliendelea kuandika mbio mbio, neno kwa neno, jicho likifuata mkono na akili ikiwa haipo. Alipofika mstari wa mwisho, harufu ilikuwa imekwisha kuingia chini ya mlango. Maharage yalikuwa makaa. Aliyafukia nyuma ya ua, akalirudisha daftari kikapuni, na sufuria, ambayo chini yake ilikuwa na tabaka jeusi lenye unene wa kidole, akaifunga kwa gazeti na kuisukuma chini ya kitanda. Bi Tena aliporudi aliambiwa kuwa chakula kimekwisha, njaa ilikuwa kali, na sufuria imelowekwa.

"Yote, Chaki? Hata kijiko hukunibakizia?" Akacheka. "Haya, tumbo lako litajibu."

Kucheka kule kulimchoma kuliko matusi.

Jumatatu, saa mbili na nusu, mkufunzi kutoka chuoni aliingia bila kubisha. Alikuwa mzee mkavu, wa kalamu nyekundu na maneno machache. Alilifungua daftari la Chaki.

"Kipindi chako kinaanza saa ngapi?"

"Saa tatu, mzee."

"Hapa kwenye maoni umeandika: 'Wanafunzi wameelewa vyema, isipokuwa binti wa dawati la mwisho karibu na dirisha haoni ubaoni; ahamishiwe mbele.' Somo halijafundishwa. Wewe ni nabii?"

Chaki alitazama nyuma ya darasa lake. Hapakuwa na dirisha. Palikuwa na kabati.

Mkufunzi aliagiza daftari la mkondo wa kwanza. Akayalaza mawili mezani, akawaita wote ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Kanuni za chuo mnazijua. Aliyechukua kazi ya mwenziwe bila ruhusa hurudia mazoezi yote, muhula mzima. Mkipeana kwa hiari, nyote wawili mnakatwa alama. Kijana, ulichukua au ulipewa?"

Saa ya ukutani iligonga. Chaki aliuona muhula mzima wa aibu, aliona barua ikifika kwa baba yake. Hakumtazama mwenzake.

"Alinipa," akasema.

Bi Tena hakulia. Alimgeukia polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kuwa ni yule yule.

"Mimi, Chaki? Nilikupa lini?"

Chaki akatazama viatu vyake.

"Mzee, sikumpa," Bi Tena akasema.

"Walimu wote wananiambia mnakula sufuria moja," mkufunzi akajibu. "Nikuamini vipi? Alama zitatumwa chuoni Ijumaa mchana."

Kuanzia saa ile Chaki alijua maana ya nyumba yenye jiko moja. Alipoingia, Bi Tena alitoka. Alikula mkate mkavu kitandani, na chini ya kitanda ile sufuria ilitoa harufu ya kuungua iliyoingia katika mashuka, katika shati, hata katika chaki mfukoni. Darasani aliwafundisha watoto kwamba mvuke hupanda, hupoa, na hurudi chini kuwa maji. Na kila alipofika neno "hurudi" aliwageuzia watoto mgongo, akafuta ubao. Mara mbili alimpigia simu. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Sema."

"Mpenzi, naomba tuongee."

"Neno hilo liache. Unataka kuongea na mimi au na mkufunzi?"

"Na wewe. Nieleze..."

"Mimi najua kilichotokea, nilikuwepo. Asiyejua ni mkufunzi. Mama ameniuliza kama nafasi bado ipo. Nikamwambia ndiyo. Unaona? Sasa na mimi nadanganya. Halafu sufuria ya mama iko wapi? Maana mpaka leo unailoweka."

Simu ikakatika.

Alhamisi baada ya masomo, mshonaji alimwona Chaki akivuka ua amekumbatia kifurushi cha gazeti.

"Wewe, mwanangu! Unahama?"

"Hapana, mama. Napeleka ushahidi."

Mshonaji akanusa hewa, akazitoa pini mdomoni. Alielewa nusu, na nusu ile ilimtosha. "Nenda," akasema. "Utakuta mchanga na majivu karibu na bomba ukirudi."

Mkufunzi, aliyepewa chumba shuleni mpaka Ijumaa, alikuwa akifunga mafaili aliposikia kishindo cha kitu kizito juu ya meza yake.

"Nini hiki?"

"Mzee, Jumapili mwenzangu hakuwepo nyumbani. Aliniachia sufuria hii niiangalie. Nilitoa daftari lake kikapuni bila ruhusa, nikajifungia chumbani kunakili, maharage yakaungua. Hakunipa. Nilichukua. Kisha nikasema uongo mbele yako na mbele yake."

Mzee aliinama, akakwangua ile ngozi nyeusi kwa ncha ya kalamu yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Miaka thelathini nasahihisha madaftari," akasema, "sijaletewa maelezo yenye masizi. Unajua utarudia muhula?"

"Najua."

"Shule nyingine. Na barua itakwenda kwa baba yako."

"Najua, mzee."

"Mbona hukuyasema Jumatatu?"

"Niliogopa."

"Leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi."

Mkufunzi alichukua kalamu nyekundu. Kwenye jina la binti alirudisha alama zote. Kwenye jina la kijana alipiga mstari mmoja, ulionyooka. "Ondoa kitu hiki mezani pangu," akasema.

Jioni ile, mbele ya wapangaji wote, Chaki alichuchumaa bombani akasugua. Bi Tena alisimama kwenye mlango wa chumba chake, mikono ameikunja kifuani. Mkufunzi alikuwa amekwisha kumpigia simu.

"Nisamehe," Chaki akasema bila kuinua uso.

"Alama zangu zimerudi. Nakushukuru kwa hilo." Aliitazama sufuria. "Hiyo bado."

"Bado kiasi gani?"

"Bado."

Akaingia ndani. Chaki hakulalamika. Sheria ilikuwa wazi: mwenye sufuria ndiye anayesema.

Muhula uliofuata alifundisha upande wa pili wa mji, akiwa mrudiaji kati ya walimu wanafunzi wapya waliomcheka wakidhani hawasikiki. Baba yake alimwandikia mistari miwili tu. Aliandika kila andalio kwa mkono wake, na sehemu ya maoni aliiacha wazi mpaka kengele ilipolia. Sufuria ile, aliyohama nayo kwa kuwa mwenyewe hakuwa amesema inatosha, aliisugua kila Jumapili, mchanga leo, majivu wiki ijayo, mpaka vidole vikapasuka. Kila Jumapili alimpigia Bi Tena.

"Imetakata?" binti aliuliza.

"Imebaki alama kama ukucha."

"Endelea, basi." Lakini kadiri wiki zilivyopita, hakukata simu mara moja. Aliuliza habari za darasa, akacheka mara moja, akajikaza. Wiki ya kumi alisema, "Jana nilipika nikatia chumvi mwanzo. Sijui nilikuwa nafikiria nini," naye Chaki hakuthubutu kuuliza.

Siku ya mwisho wa mazoezi yake Chaki alikwenda katika nyumba ya mshonaji mchana, akaomba jiko. Bi Tena, sasa mwalimu kamili, alirudi saa kumi na moja, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Alisimama mlangoni. Mezani palikuwa na sahani mbili, wali mweupe na maharage.

"Chumvi umetia lini?"

"Mwisho."

Alikaa, akala polepole mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akanyoosha mkono. "Daftari." Chaki akalitoa kwenye koti. Bi Tena alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma maoni kwa sauti: "'Wanafunzi wameelewa. Mwalimu amechelewa kuelewa, lakini ameelewa.' Hii uliinakili kwa nani?"

"Kwa hapa," akasema, akijigusa kifuani. "Sina mwingine wa kunakili. Na sitaki kurudi upande wa pili wa mji leo bila kukuuliza. Nikizungumza na mama yako, utakubali niwe mtu wa kukuwekea chakula ukirudi umechoka?"

Bi Tena aliinuka, akamimina maharage yaliyobaki katika bakuli, akaipeleka sufuria mlangoni penye mwanga na kuiinamisha. Iling'aa kama siku mama yake alipomkabidhi, isipokuwa chini, pembeni, ambapo alama ndogo nyeusi ilikataa kutoka. Aliipapasa kwa kidole gumba. Mshonaji alikuwa ameacha kushona. Chaki alikuwa amesimama katikati ya jiko, amekwisha kushika majivu katika kiganja, tayari kuanza upya.

"Weka majivu chini," Bi Tena akasema.

"Bado ipo alama."

"Nimeiona. Nitakuwa naiona kila siku nikipika, na wewe utaiona kila siku ukila." Akamrudishia sufuria, na safari hii mkono wake ulibaki juu ya mkono wa kijana.

"Inatosha," akasema.