Jina la Mubirizi

Papa Bisimwa alifunua sufuria akakuta ndani pakavu, ilhali nyumba nzima ilinuka mubirizi unaochemka. Mvua ya mchana ilipiga mabati ya mtaa wa Nguba. Ndani ya mbabula, jiko lake la makaa, mlikuwa na majivu baridi.

Majani yale machungu marehemu mke wake, Lucie, ndiye aliyekuwa akimchemshia kila alipopata homa. Naye Bisimwa, kwa kuwa alifundisha Kigiriki cha kale seminarini mpaka alipostaafu, aliyapa jina la mzaha: panakes. Ndivyo Wagiriki walivyoliita jani la kuponya kila ugonjwa. Pale nyumbani lilikuwa neno la wawili tu.

"Panakes, papa," sauti ikasema nyuma yake, taratibu.

Hakugeuka. Alijua Lucie amelala kaburini Nyangezi. Lakini tangu mazishi hakuna aliyesema naye kwa upole namna ile.

"Leta," akajibu.

Kikombe kikawa mezani, kinafuka mvuke. Akanywa.

Ikawa hivyo kila mvua iliponyesha. Sifa, jirani yake, akaona mashati yanamning'inia mwilini, akamsikia akicheka peke yake.

"Papa, unaongeaka na nani?" akamnong'oneza.

"Na bibi yangu, Lucie."

"Bibi yako alishakufa, papa."

"Ninajua."

Sifa akamleta shangazi yake, Maman Nyota, Mwislamu wa Uvira aliyejua kusoma dua za kufukuza majini. Akainamisha kikombe, yakamwagika maji meusi ya ziwa, yenye nywele.

"Hii haiko bibi yako, papa. Iko jini, inakukula. Ikiita, usiitikie. Ukiitikia tena, mimi sitaiweza."

Akasoma, ubani ukafuka, na kutoka jikoni ile sauti ikaanza kuita, kwanza kwa upole, halafu kwa kilio, halafu kwa kikohozi kilekile cha Lucie cha siku ya mwisho hospitalini, ikimsihi asimwache peke yake, huku Papa Bisimwa akiuma kitambaa cha meza mpaka fizi zikatoka damu. Kisha mlango wa nyuma ukajibamiza, na harufu ikakatika.

Wanawake wakamshukuru Mungu, wakaenda zao.

Jioni akawasha redio, akaizima. Akamenya kiazi, hakukila. Akatazama kiti cha pili hadi moyo ukamshinda, akainuka kufungua mlango wa nyuma.

"Lucie," akaita polepole. "Ingia."

Nyayo za maji zikapita kando yake, moja baada ya nyingine, zikaelekea chumbani.