Sekunde Sitini za Mashine ya Maji

Nakhumicha, anayeuza mboga kando ya kibanda cha maji pale Kitengela, ukimpa sikio atakuapia kwamba Soipan, msichana anayehudumia kibanda hicho, alimfungia fundi ndani siku ya kwanza kukutana, akamwambia hatoki mpaka mashine ipone. Haikuwa hivyo. Mlango ulikwama tu. Nje foleni ya mitungi ilikuwa imefika barabarani, na ndani fundi mwenyewe, Ochola, ovaroli ya bluu, kofia imekaa upande, akabaki na Soipan nusu saa nzima.

"Sopa, mrembo," alisema, jasho likimtiririka.

"Ipa. Kimaasai umefunzwa na nani?"

"Na huu mlango."

Soipan alicheka mpaka shanga za shingoni zikalia.

Mashine ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mteja anagusisha kadi, maji yanaanza, halafu mtungi ukikaribia kujaa taa zinazima, zinawaka upya, na mashine haimkumbuki mtu. Ochola alimwonyesha kidude cheusi, kidogo kuliko punje ya maharagwe.

"Hii tunaiita watchdog. Ni mbwa wa boma. Ubongo wa mashine lazima umwambie 'niko' kabla sekunde sitini ziishe. Ukinyamaza, anafikiri umekufa, anauzima na kuuwasha upya."

"Sasa mgonjwa ni mbwa ama ni ubongo?"

"Hiyo ndiyo natafuta, mpenzi."

Alibadilisha kidude mara mbili. Akabadilisha nyaya za stima. Kila jioni alipiga simu: "Umekula? Leo imezima mara ngapi?" Kisha Zipporah, mwenyekiti wa kamati ya maji, akatangaza kwamba mashine isipopona kufikia Ijumaa, kibanda kinafungwa na Soipan arudi kwao Kajiado. Jumatatu Ochola akaenda huko Kajiado mjini kuchunguza mashine nyingine kama hiyo, ambayo haikuwa na shida. Jioni hiyo hakupiga. Jumanne kimya. Jumatano kimya.

"Ana mwingine huko," Nakhumicha alisema akikata sukuma wiki. "Mafundi! Nawajua."

Soipan akamblock kwenye simu. Akajifunga leso yake ya manjano, akaketi mbele ya mashine. Hasira yake haikuwa ya kelele, ilikuwa ya kutazama. Masomo yake yaliishia darasa la nane, lakini alikua akichunga mbuzi, na mbuzi hasemi panapomuuma. Aliona mitungi ya lita kumi haikatiziwi maji hata mmoja. Ya ishirini inakatiziwa, ila si asubuhi tangi likiwa limejaa. Ni mchana, maji yakishuka membamba kama uzi. Akafungua saa ya simu, akahesabu sekunde mpaka taa zizime. Sitini. Mtungi mwingine. Sitini.

Alhamisi akamfungulia Ochola kwenye simu, akampigia.

"Mashine yako si mgonjwa," alisema bila salamu. "Ikimimina maji haisemi 'niko' mpaka imalize. Maji yakiwa polepole, sitini zinapita, na mbwa wako anaizima ikiwa bado kazini."

"Wee! Na huku presha ya maji ni kubwa, ndiyo maana haizimi! Soipan, siku tatu nimeshika kichwa hapa..."

"Siku tatu hata simu?"

"Niliona aibu kukupigia bila jibu."

"Ungesema tu 'niko', Ochola. Hilo pekee."

Ijumaa Ochola alifika na laptop kwapani, akaongeza mistari miwili kwenye programu: mashine iseme "niko" kila lita moja. Zipporah akaja saa nane mchana, maji yakiwa haba kabisa, na mtungi wake mwenyewe wa lita ishirini. Sekunde hamsini. Sitini. Watu wakasogea karibu. Sabini. Tisini. Taa hazikutikisika. Mtungi ukajaa mpaka shingoni, na Nakhumicha, yule yule wa "nawajua", akapiga kigelegele kilichosimamisha bodaboda.

"Soipan," Zipporah alisema akimshika mkono, "kibanda ni chako. Na fundi akikwama tena, tutakuita wewe."

Watu walipopungua, Ochola alivua kofia.

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu, tuongee na baba yako. Nikuje?"

Soipan aliweka mtungi mwingine chini ya bomba, akafungua maji. Yakaanza kushuka, membamba kama uzi. Alimtazama mwanaume yule, midomo ikianza kutabasamu. Ochola akaegemea mlango, ule ule uliokwama, akasubiri bila kuangalia saa.