Utepe wa Fundi 612

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Stoo ya nyuma, duka la mitumba la Gachanja, Makongeni.

Gachanja alichora ngazi mezani kwa chaki. "Gauni iko huku juu. Mathe, unataka dakika ngapi?"

"Nne," Trizah akajibu. "Haina zipu. Ni kamba mbili tu mgongoni."

Hakuna aliyelijua gauni hilo kuliko yeye. Mara tatu alilipa kiingilio kule Ruiru, katika jumba kuukuu la shamba la kahawa lililogeuzwa makumbusho, akalikodolea macho gauni. Vazi la jioni la bibi mmoja wa Kiingereza, lenye miaka mia mbili na ushei. Kitambaa chepesi cha melimeli nyeupe, nyuzi za fedha, kiuno kimepandishwa hadi chini ya matiti, mikono mifupi iliyotuna. Kisha, kila atokapo kazini, kiwanda cha nguo, akashona gauni pacha kwa mkono. Siku arubaini.

Hakutaka hata senti. Alimtaka Calvince, mdogo wake aliyemlea tangu mama yao azikwe, atoke kwenye genge la Gachanja.

"Hii job moja, mathe, halafu namwachilia," Gachanja alikuwa ameapa.

"Naacha, sis," Calvince akasema. "Haki ya mama."

Jumamosi, saa saba na dakika arubaini mchana. Jumbani, Ruiru.

Calvince alijiangusha kwenye ngazi, povu la sabuni mdomoni. Kamene, mwangalizi wa jumba, akamkimbilia huku akipiga mayowe. Huko juu Trizah aliivua sanamu gauni moja, akaivisha jingine. Akilikunja lile la kale aliiona mishono ya ndani, midogo, imenyooka, ya mtu aliyeipenda kazi yake. Akatafuta jina la fundi. Halikuwapo.

Saa nane na robo. Theta.

Walisimama kando ya shamba la mahindi ili wahamie gari jingine. Trizah alipapasa mshono wa kushoto wa gauni la kale, kwa mazoea tu, akakuta hapana kitu, na papo hapo akalikumbuka lile la bandia. Kiwandani Thika kila fundi hushona utepe wenye namba yake mahali hapo, ili kosa likionekana lijulikane ni la nani. Miaka kumi na tisa, namba 612. Mazoea yana taabu. Hata nyumbani mkono wake ulikuwa umeushona wenyewe.

"Turudi," akasema. "Nimeacha namba yangu kwa ile nyingine."

Gachanja akalichukua gauni. "Namba yako?"

"Yangu."

"Basi sio yetu. Baki hapa."

Trizah akamgeukia Calvince. Calvince alikuwa akitazama viatu vyake.

"Sis, baki tu. Nitakupigia."

Wakaondoka na gauni. Moyo wa Trizah ulivunjika pale, kando ya mahindi, kabla polisi hawajamjua.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Kituo cha polisi.

Inspekta Mutiso alitandaza gauni la bandia mezani. "Siku nne na hakuna mtu alijua. Ni Kamene aliona huu utepe akipanguza vumbi." Akaipapasa mikono iliyotuna. "Nani alishona hii kitu?"

Maelfu ya nguo yalikuwa yamepita mikononi mwa Trizah, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Machozi yakamtoka.

"Ni mimi."

"Na yule kijana alianguka kwa ngazi?"

Tangu Jumamosi simu ya Calvince ilikuwa imezimwa. Trizah akaunyoosha upindo wa gauni uliokuwa umekunjamana.

"Simjui," akasema. "Nilikuwa peke yangu."