Nanga ya Shemeji

Nilibeba sufuria tu. Ugali wa ulezi na samaki, migebuka, nampelekea mwanangu Basil ziwani Kipili, jua linazama. Basil ni fundi umeme. Alikuwa kwenye mashua ya tanga ya baba yake mdogo, Polikarp, anamfungia mashine ya kuvutia nanga. Ya betri. Unabonyeza, mnyororo unapanda wenyewe.

"Mikono imekufa, shemeji?" nikamuuliza Polikarp nilipopanda. "Au uvivu umekomaa?"

"Uzee, shemeji."

Mwongo. Tangu mume wangu Zenon apotee, Polikarp hajagusa nanga kwa mkono wake. Hutafuta wa kumvutia. Ndiye aliyeniapia mbele ya padri kwamba alimsindikiza kaka yake Namanyere kupanda basi, anafuata mwanamke. Nikaamini. Nikachoma nguo za Zenon, nikalea watoto kwa hasira. Leo nina wajukuu, na hasira ni ile ile.

Basil akabonyeza.

Krrr... krrr...

Mnyororo ukapanda. Ukakaza. Mashine ikanguruma, waya ukaanza kunuka kuungua, mashua ikainama mbele.

Kwetu nanga ikishikwa chini hung'ang'anii. Unalegeza kidogo, unawaambia walio chini ya maji, "Wenyewe, tuachieni twende." Mkono unajua kulegeza. Mashine inajua nini?

"Legeza, Basil," nikasema.

"Usilegeze!" Polikarp alinong'ona. Midomo imemkauka.

Basil akachomoa waya wa betri.

Mashine haikuzima.

Krrr... Sasa mnyororo ulikuwa unashuka. Unavutwa, polepole, kama mtu anayevuta kwa mikono. Maji yakaanza kuingia. Ikaja harufu ya tope... na ugoro.

Nyumbani kwangu alinusa ugoro mtu mmoja tu.

"Sema maneno, baba mdogo!" Basil akalia. "Mwenye chombo ni wewe! Tunazama!"

Polikarp akapiga magoti. Hakusema "wenyewe".

"Zenon," alisema. "Kaka... niachie."

Mnyororo ukalegea.

Basil akamtazama baba yake mdogo, akanitazama mimi. Sufuria nilikuwa nimeikumbatia bado. Nikamimina chakula chote majini. Mume wangu alikuwa hajala siku nyingi.

Nanga ilipopanda haikuwa na kitu. Basil anasema ni hitilafu ya umeme, lakini ile mashua haikanyagi tena. Polikarp naye kahamia Majengo, Sumbawanga mjini, huko juu, mbali na ziwa.

Juzi jioni kanipigia simu.

"Shemeji... chini ya kitanda..." Anahema. "Nasikia mnyororo."

Nyuma ya sauti yake nikausikia na mimi. Krrr... krrr...

"Muombe akuachie," nikamwambia. "Jina lake unalijua."

Sikukata simu. Nilisikiliza.