Aliyepiga Alikuwa Joël

Kila jioni Papa Prospère aliporudi kutoka kazini bandarini, alioga kwanza, kisha akala ugali wa bukari na samaki wa ndagala pamoja na watu wa nyumbani kwake. Akishamaliza kunawa, alikaa kwenye kiti chake barazani na kumwita binti yake.

"Emmanuella, lete kitambaa, mwanangu."

Emmanuella alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mchezo huo aliujua tangu utotoni. Alimfunga baba yake macho kwa kipande cha kitenge ili asiweze kusoma jina la wimbo kwenye kioo cha redio. Halafu, kama umeme ulikuwepo, alichomeka flashi ya nyimbo kwenye redio, akachagua wimbo mmoja, akakaa kimya. Kazi ya baba ilikuwa kusikiliza na kutaja jina la mtu aliyekuwa akipiga saksafoni.

Nyimbo hizo zilikuwa za Mtoa Jazz, orkestra ya mtaa wao wa Kataki. Papa Prospère alipiga tarumbeta humo tangu ujana wake. Saksafoni ya orkestra ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa imepita mikononi mwa watu watatu: Ulrich, Michel na Joël. Wote watatu walikuwa wamerekodi nyimbo zilezile. Mgeni angesema ni mtu mmoja, lakini Papa Prospère alimfundisha binti yake namna ya kuwatofautisha. Ulrich alipuliza kwa nguvu, kama mtu anayegombana. Michel alipenda kubaki nyuma kidogo ya ngoma. Joël aliumaliza kila mstari polepole, sauti ikififia kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Joël alikuwa mdogo wake Papa Prospère. Emmanuella alimwita Papa Joël, kwa sababu ndugu ya baba naye ni baba. Alikuwa ameondoka nyumbani akilalamika tumbo, akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, na jamaa wakamrudisha amefungwa katika shuka. Tangu mazishi hayo, Papa Prospère alikuwa na mazoea ya kuomba wimbo wa mdogo wake uwe wa mwisho. Ukiisha, alibaki na kitambaa usoni kwa muda, na Emmanuella alijua kwamba chini ya kile kitambaa baba yake analia.

Msimu wa mvua ulipoanza, sikio la kushoto la Papa Prospère lilianza kutoa usaha. Aliziba kwa pamba, akatia mafuta ya mawese ya vuguvugu, akaendelea na kazi. Mama Godelieve, mke wake, hakupendezwa.

"Papa Emmanuella, nenda hospitali wakuangalie," alimwambia jioni moja. "Sikio si jino, huwezi kung'oa ukasahau."

"Ninasikia vizuri," alijibu Papa Prospère. "Siku nitakayoshindwa kumtambua Joël, siku hiyo nitaenda. Emmanuella atakuwa shahidi."

Mama Godelieve alimtazama binti yake. "Umesikia? Wewe njo utatuambia."

Emmanuella akaitikia kwa kichwa. Lakini neno hospitali lilimwogopesha. Aliikumbuka ile shuka.

Siku zikapita. Jioni moja, mvua ikiwa imekatika, Emmanuella alimfunga baba yake macho kama kawaida. Akachagua wimbo wa Joël. Papa Prospère aliinamisha kichwa, akageuza sikio la kulia kuelekea redio, akakunja uso. Wimbo ulifika katikati, naye bado alikuwa kimya. Kwa kawaida alitaja jina kabla mpiga ngoma hajamaliza mzunguko wa kwanza.

"Huyu njo Michel," alisema mwishowe.

Emmanuella aliitazama redio. Saksafoni iliendelea, kila mstari ukififia taratibu mwishoni. Hata mtoto wa jirani angejua ni nani.

"Nimepata?" aliuliza baba yake.

"Umepata, Papa," alisema Emmanuella.

Papa Prospère alitabasamu chini ya kitambaa. "Unaona? Mwambie mama yako. Sasa niwekee Joël."

Emmanuella aliurudisha wimbo uleule mwanzoni. Baba yake aliusikiliza hadi mwisho akidhani ni mwingine, akamlilia mdogo wake kama siku zote.

Usiku huo msichana hakupata usingizi mapema. Alijiambia kwamba ni mara moja tu, kwamba kesho sikio litafunguka. Lakini kesho yake baba alimsikia Ulrich akasema ni Michel, na siku iliyofuata alimsikia Michel akasema ni Joël. Kila mara Emmanuella alisema, "Umepata." Akaanza kuongeza sauti ya redio kidogo kidogo. Akaacha kumwekea nyimbo za taratibu. Mama Godelieve alipomuuliza jikoni, wakichambua majani ya sombe, "Papa yako bado anasikia?" alijibu bila kuinua macho, "Anasikia, Mama." Uongo wa kwanza ulimuuma. Ule wa jikoni ulitoka wenyewe.

Dalili nyingine zilikuwepo. Papa Prospère alijibu maswali ambayo hakuulizwa. Bandarini wenzake walimvuta mkono mara kadhaa mzigo ulipokuwa ukishuka, kwa kuwa hakusikia kelele za kumwonya. Nyumbani alisimulia jambo hilo kama kichekesho. Emmanuella alicheka pamoja naye, na moyoni alitamani mtu mwingine auseme ukweli badala yake.

Jumamosi moja Mtoa Jazz waliitwa kupiga kwenye harusi. Papa Prospère alivaa shati lake jeupe, na familia nzima ikaenda. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukafika wimbo ambao tarumbeta huingia peke yake baada ya mwimbaji kunyamaza. Papa Prospère hakumsikia mwimbaji. Aliingia katikati ya ubeti, kwa sauti isiyopatana na magitaa. Mwimbaji alisimama. Vijana waliokaa mbele walicheka, na mmoja akasema mzee amekunywa.

Papa Prospère hakuwa amekunywa. Alishusha tarumbeta, akawatazama wenzake mmoja mmoja, akijaribu kuelewa kwa nini midomo yao imesimama. Ulrich alimkaribia na kumsemesha sikioni. Papa Prospère akatikisa kichwa kuonyesha hasikii. Kisha akayumba, akashika kiti, kiti kikaanguka pamoja naye. Mama Godelieve alipomfikia, alikuwa akitapika, na ngozi nyuma ya sikio lake la kushoto ilikuwa imevimba na kuwaka moto.

Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, Ulrich akimshikilia kutoka nyuma. Mama Godelieve na Emmanuella walifuata.

Daktari Monique, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimpima, akalimulika sikio, akabonyeza mahali palipovimba. Kisha akasogeza mdomo karibu na sikio la kulia la mgonjwa.

"Papa, ulianza lini kutosikia?"

"Juma hili tu, Daktari," alisema Papa Prospère kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wasiosikia sauti yao wenyewe. "Usaha ulitoka, ndiyo, lakini nilikuwa nasikia vizuri. Binti yangu ananipima kila jioni kwa muziki, na sijakosea hata mara moja. Mwambie, Emmanuella."

Alimtazama binti yake kwa fahari. Wagonjwa wengine waligeuka kumwangalia.

"Nauliza kwa sababu matibabu hayafanani," Daktari Monique alimwambia Mama Godelieve. "Kama ameacha kusikia juma hili tu, tunaweza kujaribu dawa na kungoja. Kama kusikia kulianza kupotea zamani, basi huenda ugonjwa umeshaingia kwenye mfupa nyuma ya sikio. Hapo kungoja ni hatari. Ugonjwa unaweza kufika kwenye ubongo."

Emmanuella alisogea karibu na mama yake. Alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia kwa shida, "Alikosea."

"Unasema nini, mutoto?" aliuliza Mama Godelieve.

"Alikosea, Mama. Tangu mvua zilipoanza kuwa kubwa. Nilikuwa namwambia amepata."

Mama Godelieve alishika mdomo. Papa Prospère aliwaangalia wote, bado akitabasamu, akingoja kusifiwa.

Daktari Monique aliinama mbele ya msichana. "Asante kwa kuniambia. Lakini baba yako hakusikia. Mwambie yeye, kwa sauti."

Emmanuella alikwenda upande wa kulia wa kitanda. Katika chumba kile kilichojaa watu ilimbidi apaze sauti. "Papa, ulikosea. Ulisema ni Michel. Aliyepiga alikuwa Papa Joël. Na siku nyingine pia ulikosea. Mimi nilidanganya."

Tabasamu la Papa Prospère lilitoweka taratibu. "Joël?" alisema. "Nilimsikia Joël nisimjue?"

Aligeuza uso ukutani, na safari hii hapakuwa na kitambaa cha kuyaficha machozi yake.

Picha ya mfupa ilipigwa, na ilithibitisha alilohofia daktari. Papa Prospère alipasuliwa haraka. Kwa siku kadhaa homa ilikataa kushuka. Mama Godelieve alilala sakafuni kando ya kitanda. Emmanuella alileta uji asubuhi na kurudi nyumbani akiwa na vyombo vitupu, bila kuthubutu kumkaribia baba yake. Alijua sasa kwamba kama angesema mapema, kisu hakingehitajika.

Kisha homa ikashuka. Daktari Monique aliwaita wote watatu pamoja.

"Ameokoka," alisema. "Sikio la kulia nalo lilikuwa limeanza kuugua, lakini tumelilinda, litasikia. La kushoto halitarudi. Na tarumbeta, Papa, nakuomba uiache. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kuliumiza sikio lililobaki."

Papa Prospère aliomba arudiwe maneno hayo ya mwisho, ingawa ilionekana wazi kwamba aliyasikia mara ya kwanza.

Aliporudi nyumbani, Ulrich na Michel walikuja kumwona. Aliwakabidhi tarumbeta mwenyewe. Aliifuta kwanza kwa pindo la shati lake, akawaomba wamtafutie kijana mwenye pumzi nzuri. Walipoondoka, Emmanuella alipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Papa, nisamehe. Niliogopa. Papa Joël alienda hospitali, hakurudi. Nilidhani nikisema ukweli, na wewe hutarudi."

Papa Prospère alimshika mkono, akamwinua. Mama Godelieve alisimama mlangoni akisikiliza.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema Papa Prospère. "Nilijua sikio linaumwa. Badala ya kwenda kwa daktari, nilikutwika wewe mtoto kazi ya daktari. Huo mzigo haukuwa wako. Lakini sikiliza, mwanangu. Ulinidanganya kwa kunihurumia, na huruma ni kitu kizuri. Ila wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ugonjwa haujali kama tumeuficha kwa ubaya au kwa upendo. Unaendelea na kazi yake. Joël alichelewa kusema tumbo linamuuma. Hilo ndilo lililomuua, si hospitali. Mimi pia nilikuwa katika njia ileile, mpaka uliposema mbele ya watu wote wale. Ukweli wako ulichelewa, ukanigharimu sikio na tarumbeta. Lakini ulifika kabla sijafa. Ukimpenda mtu, mwambie lililo kweli wakati bado lina faida kwake."

Emmanuella alilia, na baba yake akamwacha alie.

Juma lililofuata walikwenda pamoja sokoni kumpelekea chakula Mama Godelieve, aliyekuwa akiuza bidhaa huko. Emmanuella alitembea upande wa kulia, ili baba amsikie. Papa Prospère alimweleza habari za kazi mpya aliyopewa bandarini, ya kukaa ghalani mbali na mizigo inayoning'inia. Njiani watu waligeuka kuwatazama. Baba aliligundua hilo, akasimama.

"Emmanuella, kwa nini wanatuangalia? Sauti yangu imekuwa kubwa?"

Msichana alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na uso wa baba yake ulikuwa na wasiwasi.

"Ndiyo, Papa," alisema. "Unapaza sana."

Papa Prospère akaishusha sauti, akauliza, "Hivi?"

"Bado kidogo."

Akaishusha tena. "Na hivi?"

"Hivyo ni vizuri, Papa," alisema Emmanuella, na safari hiyo baba yake alijua kwamba anaweza kumwamini.